Kidole cha Mama

Mama yangu alikuwa opereta wa simu kwa miaka ishirini na tisa. Kabla watu hawajaanza kutembea na simu mifukoni, yeye alikaa mbele ya swichibodi ya ofisi moja kubwa, akiunganisha watu ambao hakuwahi kuziona sura zao. Kazi hiyo ilimwachia mambo mawili: mgongo mbovu, na imani kwamba simu ikiita haiachwi. Hata akiwa anakula, aliweka kijiko chini. "Aliyepiga hajui kama unakula," alikuwa akisema. "Anachojua ni kwamba amekupigia."

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo haya mengine yatamfanya aonekane mjinga, na hakuwa mjinga. Alikuwa na adabu ya kazi kuliko mimi.

Nilikuwa karani wa udahili katika chuo cha uuguzi. Maombi ya wanafunzi wapya yalipitia kwangu, na barua zao, na orodha za majina, na kila mwaka, wiki mbili kabla ya mtihani wa kuingia, karatasi ya mtihani yenyewe ilipitia kwangu pia. Mwalimu aliyeutunga alinitumia kwa barua pepe, nami niliukagua kama namba za maswali zimefuatana, kisha nikaupeleka kwenye chumba cha uchapaji. Watu wanne tu ndio waliouona kabla ya siku yake: mwalimu, mkuu wangu wa udahili, mimi, na mchapaji.

Mwezi wa kwanza mwaka jana mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu. Maneno yalirudi baada ya wiki mbili, yakiburuta kidogo, lakini tarakimu hazikurudi. Mwanamke aliyekuwa na nambari mia nne kichwani sasa hakuweza kushika tarakimu nne za kufungulia simu. Alilichukulia kwa mzaha. "Zimenihama usiku," aliniambia, "na hazikuaga."

Nimezaliwa peke yangu, sina wa kupokezana naye. Asubuhi jirani alikaa na mama, lakini ikifika saa saba alikwenda kwenye kibanda chake cha ushonaji. Nikaenda kwa mkuu wangu, nikamweleza. Alikuwa mwanamke mwenye haraka na moyo mzuri. Aliniruhusu nikae ofisini mpaka saa sita, kisha nifanyie kazi nyumbani, mradi barua za waombaji zijibiwe siku hiyohiyo. Aliponiuliza kama nina kompyuta nikamwambia nina simu tu. Akanituma kwa Nywila.

Huyo alikuwa dada wa kompyuta, mdogo kwangu kwa miaka michache. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna mkutano aliowahi kuhudhuria bila kutukumbusha kubadilisha nywila zetu. Hata siku ya kumuaga mhasibu alisimama na glasi ya soda mkononi, sote tukidhani anataka kumsifu mwenzetu, kumbe ni nywila. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi za maktaba, dari imeinama upande mmoja, nyaya zimening'inia kila mahali. Alichukua simu yangu akaifuta kioo kwa ncha ya kitenge chake kabla ya kuigusa.

"Ndani ya simu yako nakujengea chumba," alisema. "Barua pepe, majedwali, nyaraka za ofisi, vyote vinakaa humo na havitoki. Hutavihamishia kwenye picha zako wala kumtumia mtu kwa njia nyingine. Nje ya chumba ni kwako. Sioni, na sitaki kuona. Simu ikipotea unanipigia, nabomoa chumba changu, vyako vinabaki."

Akanieleza na mengine. Nisitumie mtandao wa bure wa hotelini au stendi. Nisiandike nywila popote, hasa kwenye ukurasa ulioletwa na barua nisiyoitarajia. Na kila mara mtu atakapoingia kwenye sanduku langu la barua kutoka kwenye mashine ngeni, simu yangu itaniuliza kama ni mimi, na nitajibu kwa kidole. Nikisema ndiyo, mlango unafunguka. Nikisema siyo, unafungwa na yeye anapata taarifa.

"Kidole kimoja, mtu mmoja," alisema. "Usimsajili mume, usimsajili mtoto."

"Sina mume wala mtoto."

"Basi wewe ndiye mfanyakazi niliyekuwa naomba kila siku niletewe."

Tulicheka. Akanipa karatasi mbili za masharti. Nilizisoma zote, sitasema sikusoma, nikatia saini. Mwisho akabandika kikaratasi cha njano nyuma ya simu yangu chenye nambari yake, akakifunika kwa gundi ya plastiki. Ukiwa na shaka piga, alisema, hata kama ni shaka ya kijinga, mimi sigombi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Nilivuta kiti karibu na kitanda cha mama, dirisha kulia kwangu, nikajibu barua kwenye kioo kidogo mpaka macho yanawasha. Mama aliuliza ni nani anayeandika, nami, kumpitishia muda, nikawa namsomea. Hilo halikuruhusiwa. Msichana mmoja aliandika kwamba anataka uuguzi kwa sababu tangu utotoni anapenda kuona damu. Mama alifikiri kidogo. "Huyo mwelekezeni buchani," alisema, na nusu ya uso wake iliyobaki hai ikacheka mpaka machozi.

Tatizo lilikuwa nikitoka. Nikienda duka la dawa au kuchota maji, nilitaka aweze kumpigia jirani kama kuna jambo. Nilimwachia simu, lakini simu ilikuwa imefungwa, na tarakimu nne zilikuwa zimemhama. Siku moja nilirudi nikamkuta amejaribu mara nyingi mpaka simu ikajifunga nusu saa. Alikuwa amejichafua na alikuwa na aibu. Nilimwosha, nikabadilisha shuka, kisha nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikashika dole gumba lake la kushoto na kulibonyeza kwenye simu mara nane, tisa, mpaka simu ikalikubali. Iliniuliza nikiite nini kidole hiki cha pili. Nikaandika *Mama*.

Alifurahi kama mtu aliyerudishiwa funguo za nyumba yake. Alifungua, akafunga, akafungua tena. Tangu hapo alikuwa anasikiliza mwenyewe ujumbe wa sauti wa mama mdogo, na nikitoka nilitoka na moyo mwepesi. Nilijua nimevunja sharti. Nilijiambia Nywila hana mama mgonjwa.

Wiki hiyohiyo ilikuja barua pepe ikisema sanduku langu limejaa, niingize nywila yangu ukurasa huu, la sivyo barua za waombaji zitaanza kurudi. Nilikuwa nafua, mikono ina povu. Nilijikausha kidole kimoja kwenye gauni, nikaandika nywila, ukurasa ukawa mweupe. Nikadhani ni mtandao. Nikarudi kwenye mashuka.

Jumanne iliyofuata, saa tisa alasiri, nilisinzia kitini. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuwa nimelala kwa ajili ya mgongo wake. Nilipoamka kivuli cha dirisha kilikuwa kimefika ukutani upande wa pili. Mama alikuwa macho, simu juu ya kifua chake, na uso wa mtu aliyefanya jambo jema.

"Wamekutafuta kazini," alisema.

"Nani?"

"Hawakutaja jina. Simu ilitetemeka, ikauliza kama ni wewe. Nikaiacha, nikasema ataamka. Ikauliza tena. Mara ya tatu nikaona aibu, mtu anasubiri. Nikawajibu ndiyo, ni yeye."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole. Nilidhani wakiona hujibu watakuondolea ruhusa."

Naandika haya ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema kwa upole. Sikusema kwa upole. Nilimnyang'anya simu, nikamuuliza ni nani aliyemtuma, nikamwambia ameniharibia kazi. Nilisema, "Huna swichibodi tena, mama. Ilishakwisha." Alinitazama kama anayetafuta niliko. Kisha akaurudisha mkono wake mzima chini ya shuka, polepole, akaufunika.

Tangu siku ile hakuigusa simu. Nilipomwachia nikitoka, nilirudi nikaikuta palepale nilipoiweka.

Kikaratasi cha njano kilikuwa kiganjani mwangu jioni ile yote. Nambari ya Nywila ilikuwa inasomeka vizuri. Lakini kumpigia kulikuwa na maana ya kumweleza kidole ni cha nani, na ruhusa ya kukaa nyumbani ingekwisha, na mama angebaki na nani? Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nikafungua sanduku langu, nikaona barua zote zipo, hakuna iliyopungua. Nikabadilisha nywila kimyakimya na kujiona nimefunga mlango. Sikujiuliza aliyeingia alikuwa ameondoka na nini. Karatasi ya mtihani ilikuwa humo tangu Jumatatu.

Mtihani ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Vijana mia sita walikuja, wengine wamesafiri siku mbili. Dakika ishirini baada ya kuanza, msimamizi alimkuta kijana mmoja na kikaratasi ndani ya soksi, kisha mwingine, kisha wanne. Maswali yote arobaini, kwa mpangilio uleule, yamenakiliwa kwa mkono pamoja na majibu. Mtihani ukasimamishwa, vijana wakatolewa nje, wakakaa kwenye majani na mabegi yao wakisubiri kuambiwa lolote. Nilipita katikati yao na orodha mkononi. Nilikuwa nimeshajua.

Na jicho la kila mtu likaenda kwenye chumba cha uchapaji.

Mchapaji wetu alikuwa Mzee Wino. Aliitwa hivyo kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo hata siku ya sherehe vilikuwa vyeusi kwenye kucha. Alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu. Miaka tisa niliyofanya kazi pale, kila asubuhi nilimwamkia, naye akajibu "Marahaba, mwanangu," kisha akauliza hali ya mama, hata zamani kabla mama hajaugua. Alikuwa na tabia moja, nayo ilijulikana: karatasi zilizoharibika mashineni, za matangazo na ratiba, alizikusanya akampelekea mjukuu wake kuchorea nyuma. Za mtihani alitakiwa kuzichoma, na siku zote alizichoma. Lakini walipofungua droo yake walikuta katikati ya rundo la mjukuu ukurasa mmoja wa mtihani ule, wa maelekezo tu, hauna hata swali moja. Ulitosha. Alisimamishwa kazi Jumatatu. Alitoka na kofia yake mkononi, akafunga mlango wa chumba chake mwenyewe, akamkabidhi mlinzi ufunguo.

Mimi nilihojiwa siku hiyohiyo pamoja na mwalimu. Waliniuliza kama nimeona jambo lolote lisilo la kawaida kwenye barua zangu. Nikasema hapana. Mkuu wangu akanipa pole ya mgonjwa na kuniruhusu niwahi nyumbani.

Siku mbili baadaye Nywila aliniita kwenye chumba chake cha chini ya ngazi. Alikuwa amechapisha orodha ndefu ya watu walioingia kwenye masanduku yetu, tarehe na saa, na alikuwa anaipitia kwa rula, mstari kwa mstari. Alisimamisha rula.

"Dada, Jumanne ile, saa tisa na dakika kumi na mbili. Kuna mtu aliingia kwako kutoka kwenye kompyuta nisiyoijua. Simu yako ilikubali." Akaniinulia macho. "Ni wewe?"

Feni ilikuwa inazunguka. Nakumbuka niliangalia nyaya zilizofungwa kwa mpira mwekundu, na nikafikiri kwamba nikikohoa labda ataendelea na mstari mwingine.

"Ndiyo," nilisema. "Ni mimi."

"Kwa kompyuta ya nani?"

"Ya jirani. Kioo cha simu kilikuwa kinaniumiza macho."

Akanikaripia kidogo kuhusu kompyuta za watu. Alisema tunapewa chumba salama halafu tunatoa godoro tunalala barabarani. Kisha akaandika jina langu pembeni ya ule mstari, akaweka alama ya vema, akateremsha rula. Aliniamini. Sijui kama kuna kitu kizito kama kuaminiwa saa ile.

Mama alijibu ndiyo kwa sababu hakutaka mtu asubiri. Mimi nilijua ninachoulizwa, nikajibu neno lilelile.

Hali yake ilizidi kudhoofu. Siku tatu kabla hajaondoka aliniuliza, macho yakiwa dirishani, kama kazini wameshanisamehe. Nilikuwa nakunja nguo, sikugeuka. Nilimwambia hakuna tatizo, mambo yamekwisha.

"Waambie ni kosa la opereta," alisema. "Ndivyo tulivyokuwa tunasema. Ukimuunganisha mtu pasipo pake, unasema samahani, kosa la opereta. Hata kama kosa si lako. Watu hawagombi."

Nikasema haya, mama. Alifariki Ijumaa asubuhi, jirani akiwa ndani na mimi nikiwa ofisini najibu waombaji kuhusu tarehe mpya ya mtihani.

Mzee Wino alikuja msibani. Alikuja mapema kuliko wafanyakazi wenzangu wote, amevaa koti la kijivu lililomzidi mabega, na bila kuulizwa akaanza kuteremsha viti kutoka kwenye gari na kuvipanga uani. Watu walimuuliza habari za kazi, akajibu yuko kwenye mapumziko. Baadaye alivuta kiti karibu na changu. Akanieleza kwamba ujana wake alifanya kazi kiwanda cha uchapaji, na kila wiki alipiga simu ile ofisi kubwa kuulizia oda za karatasi, na opereta alikuwa mama. Hakuwahi kumwona. Aliijua sauti.

"Wengine walikuwa wanakuacha na waya mtupu masikioni nusu saa," alisema. "Mama yako kila baada ya muda alirudi. 'Usikate, bado nipo.' Ukisikia hivyo unajua hujasahauliwa."

Nililia, naye akadhani nalia kwa sababu ya mama tu. Akaniwekea mkono begani, mkono wenye kucha nyeusi. Nilimuuliza kesi yake imefika wapi. Alisita, kama mtu anayeona si mahali pake.

"Wananiita Alhamisi. Watanifukuza, nadhani, maana hawana mwingine. Usijisumbue na hilo, mwanangu. Wewe una msiba wako."

Alikuwa karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi yake, ana saa nzima ya kunisikiliza, na nilinyamaza. Akainuka kwenda kuongeza viti.

Katika siku zilizobaki nilijaribu kutafuta namna ya kusema bila kumtaja mama. Hakukuwa na namna. Nikisema kidole ni cha mama, watu waliotoka kumzika watamkumbuka kwa hilo: yule mama aliyefungulia wezi. Na lile neno alilonipa, kosa la opereta, lilikuwa tayari mdomoni, laini, lingenitoka kirahisi. Wangenihurumia. Ndilo lililonitisha zaidi.

Alhamisi nilikuwa bado kwenye likizo ya msiba. Nilikwenda na nguo nyeusi. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji zisizofunguliwa, na Mzee Wino kwenye kiti kimoja karibu na mlango, kofia magotini. Walikuwa watano upande wa pili, mkuu wangu katikati, Nywila pembeni na daftari lake. Mkuu wangu alisema, kwa sauti ya huruma, kwamba sikutakiwa kuja, nirudi nikapumzike. Nikasema nina neno, na kwamba nikikaa sitaweza, naomba niseme nikiwa nimesimama.

Nilisema yote kwa mpangilio. Barua ya sanduku kujaa, povu mikononi, nywila. Kidole nilichokisajili nikijua hairuhusiwi. Jumanne, saa tisa. Kwamba mama aliulizwa swali langu kwa sababu mimi nilimweka mahali pa kuulizwa. Kwamba nilijua siku ileile na sikupiga, nikaulizwa na kamati nikakana, nikaulizwa na Nywila nikadanganya. Kwamba Mzee Wino hakuhusika.

Nywila alitoa ile orodha ndefu kwenye daftari, akatafuta mstari, akaikata ile alama ya vema mara mbili.

"Ungenipigia saa ile," alisema, "ningefunga na kumwambia mwalimu atunge mwingine. Tulikuwa na siku kumi na moja." Hakugomba, kama alivyoahidi. "Mama yako alijibu alichoulizwa, dada. Hakuna aliyemfundisha. Wewe nilikufundisha."

Mkuu wangu alianza kuniuliza kuhusu tarehe, lakini Mzee Wino aliinua mkono kidogo, kama mwanafunzi, akaomba aniulize yeye.

"Ulijua tangu siku ya mtihani?"

"Tangu kabla, mzee."

"Hata nilipokuja msibani."

"Hata ulipokuja."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira usoni, ningeipenda hasira. Aliivaa kofia yake humohumo ndani, akaiomba kamati ruhusa ya kwenda nje kupata hewa, akapita karibu yangu bila kunigusa.

Yeye alirudishwa kazini Jumatatu. Mimi nilipewa barua ya onyo la mwisho na kuhamishiwa stoo ya majalada, chumba kisicho na kompyuta, ambako naandika namba za mafaili kwa kalamu. Mkuu wangu alisema ingekuwa mbaya zaidi kama si msiba. Kwa hiyo mama alinisaidia tena, sikuweza kumzuia.

Siku ya kuhama nilimpelekea Nywila simu. Alikibomoa chumba chake chini ya dakika moja. Barua zote, orodha zote, zikatoweka, na ujumbe wa sauti wa mama mdogo na picha za mama karibu na dirisha zikabaki kama alivyoahidi. Alifungua mipangilio, akakiona kile kidole cha pili.

"Hiki hakinihusu tena," alisema, akanirudishia. Kikaratasi cha njano hakukibandua. Nami sijakibandua, wala kidole sijakifuta. Jina la mama bado limeandikwa pale, chini ya langu.

Mzee Wino alistaafu mwezi uliopita. Kulikuwa na keki na hotuba kwenye ukumbi, na nilisikia makofi kutoka stoo. Sikwenda. Kiasi cha saa kumi alipita kwenye korido akiwa na boksi la vitu vyake, juu kabisa rundo la karatasi za mjukuu. Mlango wangu ulikuwa wazi. Nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

Alisimama naye. Alihamisha boksi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akanitazama, na nikaona anatafuta mahali pa kuweka macho kati ya makabati na mimi.

"Marahaba," alisema.

Alisubiri kidogo, kama mtu ambaye sentensi yake haijaisha. Kisha akaenda zake. Nilibaki nimesimama mpaka viatu vyake viliponyamaza kwenye ngazi.